Tikiti la Kumpelekea Mgonjwa

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho kwenye treni ya asubuhi, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa amepakata tikiti dogo kama ngumi, akimweleza mzee asiyemjua aliyeketi kando yake kwamba anampelekea mumewe aliyelazwa hospitalini.

"Hilo ndilo kubwa?" mzee aliuliza.

"Ndilo pekee, baba. Alilazwa miche ikianza kutambaa. Nikataka kumfurahisha, nikamwaga mbolea ya yuria mara tatu. Sasa shamba ni majani matupu, hata nyoka akiingia atapotea."

"Yuria ikizidi hunenepesha majani, mwanangu. Na magugu?"

"Nilichelewa kuyapalilia. Nilipoyang'oa, yakatoka na mizizi ya matikiti."

Fundi aliuma mdomo. Kwao pia mbolea ilifika kila mwaka wa uchaguzi, magunia yana picha ya mgombea. Bwana shamba wa kuwaeleza itiwe kiasi gani hakufika hata mara moja, na hilo fundi hajalisahau.

"Basi nunua kubwa sokoni," mzee alisema. "Mgonjwa hapelekewi msiba."

"Atalipapasa tu, atajua si la kwake. Wiki sita namdanganya kwenye simu kuwa yamejaa. Mdomo wangu umeshindwa, baba. Acha hili liseme."

"Utamuua!"

"Hataniuliza shamba. Ataniuliza nimekula nini, namjua."

Treni ilisimama. "Nunua kubwa, nakwambia!" mzee alifoka, huku ameuzuia mlango kwa bega lake ili mama ashuke taratibu, tikiti lisimponyoke.