Jogoo wa Mnada

Mliorusha maneno, njooni muyatulize;
Aliyeumwa kwa meno, yuaja awaulize.

Pale Makambako, barabara ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya, pana taruma la reli lililochakaa, limelazwa juu ya mawe mawili, na hilo ndilo baraza la wenye hoja. Upepo wa mji ule haumwombi mtu ruhusa. Kwa hiyo wenyeji wa taruma huketi wamebanana, kola za makoti zimesimama hadi masikioni, viganja vimekumbatia vikombe vya kahawa. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Lukas, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, Mzee Nikodemo, dereva mstaafu wa malori, aitwaye Gia, na Anselmi mwenye duka la kava na chaja za simu, aitwaye Rusha, kwani hakuna alionalo asilirushe mtandaoni. Nyuma yao yalipangwa magunia ya viazi, na nyuma ya magunia hayo, wasimwone, alikuwa ameinama Kristina, mama Pendo, mwenye viazi.

Hakuinama kwa woga. Tangu Jumatatu ilikuwa ikizunguka video fupi ya Kristina akitoka uani mwa kanisa la usharika wake, jogoo kamfunika ndani ya koti, na maandishi chini yake yakimwita mwizi wa sadaka. Jumamosi wakwe wa Mdandu walikuwa walete posa ya binti yake, Pendo. Jana walipiga simu, wakasema kwamba wanatafakari kwanza. Kituoni polisi walimsikiliza vizuri, wakamwambia arudi na jina la aliyeirusha. Jina hilo ndilo lililomkalisha nyuma ya viazi vyake mwenyewe.

— Nasikia mama yule kafika polisi, alisema Gia. Na kundi letu admini ni mimi. Hapo nimepona kweli, Wakili?

— Umepona, mzee wangu. Admini ni mwenye nyumba tu. Mgeni akijamba sebuleni, nani amshtaki mwenye nyumba?

— Ila mwenye nyumba ndiye aliyecheka wa kwanza.

— Kicheko hakina mashtaka. Mimi mwenyewe nimeisambaza kwa kwaya, kwa ukoo, na kwa wenzangu tuliosoma Kidugala, na usiku nalala fofofo. Wahenga walishamaliza: kilio cha wengi arusi. Kosa likifanywa na watu mia mbili si kosa tena, ni sherehe.

— Hata arusi ina kamati, Gia akanung'unika. Michango ikipotea, kamati ndiyo inayokamatwa.

Rusha akapuliza kahawa yake kama mtu asiye na deni na dunia.

— Mnajichosha bure, wazee. Mimi niliyeichukua na kuiweka nimeshaifuta, tena kwa wote. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Umeifuta kundini, alisema Gia. Kwenye simu za watu je?

— Simu zao, kosa lao. Halafu yale maneno niliyaandika Kibena. Sheria ya makosa ya mtandao imeandikwa Kibena? Hakimu katoka Mtwara huko, ataambulia nini?

— Ataitwa mkalimani.

— Mkalimani mwenyewe ni shangazi yangu.

— Hoja nzito hiyo, alikiri Wakili.

— Na laini je? Gia hakuridhika. Laini haina shangazi.

— Imesajiliwa kwa kidole cha bibi, Mungu amlaze pema. Wakamkamate kulekule Matamba, kaburini.

— Bibi yako alikuwa kipofu, bwana. Amwone jogoo kwa macho gani?

— Basi hata gerezani hataona tabu.

Wakili akainua kidole, na sauti yake ikashuka, kama ishukavyo sauti ya mganga atajapo dawa ya mwisho.

— Mkibanwa kabisa, semeni simu ilijirusha yenyewe mfukoni, kwa mtikisiko wa upepo. Hapa Makambako hakuna atakayebisha habari za upepo. Mvumilivu hula mbivu.

Nyuma ya magunia, Kristina alikuwa amekwisha kupata alichokifuata. Angeweza kujiondokea kimya, jina la Anselmi kalikunja moyoni kama hela ndani ya pindo la kitenge. Lakini jina lingempeleka kituoni tu, lisingemfikisha Mdandu. Akajinyoosha, akazunguka magunia, akatokea mbele yao.

— Kamwene, aliwasalimu.

— Kamwene, waliitika, kwa sauti za watu waliomeza kahawa kabla haijapoa.

Wakili akajisogeza. — Karibu, mama Pendo. Nafasi ipo, kaa.

— Sikai. Nina swali moja tu, kaka zangu. Yule jogoo nilimwiba kwa nani?

Gia akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu lilizama humo.

— Kanisani, alisema Wakili hatimaye.

— Kanisa lina watu. Nitajie aliyelalamika. Mchungaji? Mzee wa kanisa? Aliyemtoa sadaka?

Wakili akamtazama Rusha.

— Rusha, Gia akageuka polepole, kama mtu ageuzaye lori penye njia nyembamba. Wewe ulikuwepo. Nani aliibiwa?

Anselmi akasema hakumbuki.

— Basi simu yako inakumbuka, alisema Kristina. Ifungue. Ile ambayo haijakatwa.

— Nilishaifuta hiyo, mama.

— Leo hii umenionyesha mwisho wake humo humo, alisema Gia, ukacheka hadi kahawa ikakutoka puani. Fungua, mwanangu. Admini nimesema.

Simu ikafunguliwa. Wakaona ua wa kanisa baada ya ibada, mnada wa sadaka za mazao umepamba moto, na mwinjilisti kamwinua jogoo juu. Sauti mbili zilikuwa zikishindana kwa bei: moja ya Kristina, kutoka mbali, nyingine karibu mno na simu, hata ikakwaruza. Ilikuwa ya Anselmi. Kila bei ilipopanda, sauti ile ilizidi kunyong'onyea, mpaka ikazimika. Vigelegele vikafuata. Kristina akalipa, akakabidhiwa jogoo, mvua ikaanza, naye akamfunika kwa koti.

Gia alicheka hata akajipangusa machozi.

— Kumbe ulishindwa mnadani, ukaja kutafuta ushindi mtandaoni.

— Irushe yote, Kristina akamwambia Anselmi. Anza na uso wako, kwa Kiswahili, useme uliikata na kwa nini. Nanyi wawili, kila mlikopeleka ile ya uongo, pelekeni na hii. Kwaya, ukoo, Kidugala.

— Tukifanya hivyo, Wakili akauliza kwa unyenyekevu ambao taruma lile halijapata kuusikia, polisi utaenda?

— Nikiamua nitakwenda. Nisipoamua sitakwenda. Nyie fanyeni.

Wakafanya. Anselmi alirudia maneno yake mara tatu, kwa kuwa Kristina hakuikubali sauti ya chini. Kahawa ilikuwa haijapoa sawasawa pale simu ya Kristina ilipoita. Alikuwa Mzee Yusto wa Mdandu, baba yake bwana harusi mtarajiwa.

— Mama Pendo, tumeiona yote. Utusamehe, tulitafakari kwa kipande. Mama watoto anauliza, huyo jogoo bado yu hai?

— Yu hai, baba. Niliwanunulia ninyi.

— Basi Jumamosi tunakuja. Na tunakuja wengi.

Kristina akacheka, kicheko kirefu kilichowageuza hata wapakiaji wa malori ng'ambo ya barabara. Alipomaliza, birika la kahawa lilikuwa tupu. Gia alishika njia ya nyumbani, akijadiliana na nafsi yake kama auache uadmini. Wakili alikumbuka ghafla kwamba ana shauri la ng'ombe wa jirani. Anselmi akaenda kufungua duka, simu ikimlia mfukoni bila kukoma, kwa vicheko ambavyo sasa vilikuwa vyake.

Penye taruma alibaki Kristina, amesimama.