Daktari Pudentienne na Uvimbe wa Mwavita

Tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na mmoja ya upasuaji, Daktari Pudentienne anastaafu. Mzaliwa huyu wa Kiringye alianzia kazi milimani, ambako wagonjwa walifika wakibebwa kwa tipoyi, yaani machela ya mabegani, kisha akahamia hospitali yetu hapa Uvira, na tangu hapo sisi wafanyakazi wenzake hatujapumua.

Amri yake ni moja: kila kinachokatwa lazima kipimwe. Chupa za maabara zilipokosekana, aliosha makopo ya mayonezi, akayajaza formoli, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kuyapeleka maabara ya Bukavu mwenyewe, ameyapakata garini. Tulimwita Mama Formoli, naye akaitika.

Kisha akaja Mwavita, mfanyabiashara wa Kilibula, akiumwa mawe ya nyongo. Mfuko wa nyongo ulipotolewa, mumewe, Mzee Mahamudi, aliuomba akauzike siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Lakini Daktari alikuwa ameupapasa na kukuta kinundu kigumu. Akakata sehemu hiyo ikapimwe, akampa mzee iliyobaki, kisha akafuatana naye kwenda kuizika, kofia ya upasuaji ikiwa bado kichwani!

Majibu yalitutisha. Ilikuwa saratani ya seli zinazotengeneza homoni, ambayo ni nadra mno kuota kwenye mfuko wa nyongo. Mzee Mahamudi alikata tamaa, akataka mkewe akafie nyumbani.

"Minye sikusema anakufa," Daktari alimjibu. "Weye unataka kuzika mutu mwenye iko anakula?"

Akamweleza bila kumficha kitu. Uvimbe wa aina hii ukiwa wa kasi na umeshasambaa, kisu peke yake hakitoshi. Hutumika dawa kali, na mara nyingi siku za mgonjwa huwa chache. Wa Mwavita ulikuwa wa polepole, ila ulikuwa umelikaribia ini. Ilibidi kumpasua tena, kukata kipande cha ini na matezi ya jirani, halafu kumfuatilia miaka mingi, maana wagonjwa wa namna hii ni wachache na hakuna daktari awezaye kuapa kwamba hautarudi. Mzee alilia, akakubali. Matezi yalikutwa safi, nasi tulipiga vigelegele mpaka wodi ya wazazi ikadhani ni mtoto.

Mwaka wa sita huu, na kipimo cha Mwavita cha mwezi uliopita hakikuonyesha kitu. Pilau tunayokula leo kaipika yeye, na ameagiza sahani ya kwanza iende kwa Daktari.

Asante, Mama, kwa ukaidi wako. Kula taratibu, leo hakuna atakayekuita chumba cha upasuaji. Mungu akujalie miaka mingi yenye afya na furaha.