Sabina Masalu, Aliyetuondolea Kola za Miiba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Sabina Masalu anakabidhi funguo za banda letu la mbwa la Kiseke, baada ya kuitumikia Kampuni ya Ulinzi ya Mawe Pacha kwa miaka ishirini na minane. Aliajiriwa mwaka 1997 kama mpishi wa mbwa. Kazi yake ilikuwa kusonga ugali na kuchemsha dagaa, asubuhi na jioni. Anaondoka akiwa mkufunzi mkuu, na hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushika nafasi hiyo hapa kwetu.

Alitoka jikoni kwa sababu ya jambo lililowakera wanaume. Mbwa waliokuwa wakiwaburuta askari uwanja mzima walitembea polepole ubavuni kwa mpishi. Mwaka 1999 aliambiwa aache mwiko, ashike kamba. Askari wapya walikuwa wakimwamkia shikamoo huku bado wanaburutwa. Yeye aliitikia marahaba kwanza, bila haraka, ndipo awaonyeshe namna ya kusimama.

Mengi yatasemwa Ijumaa kuhusu vyeti na ngao zake. Mimi nilikuwa mtunza stoo, na ninataka kueleza lililotokea mwaka 2013, kwa sababu vifaa vilivyohusika vilipita mikononi mwangu.

Miaka hiyo daraja lilikuwa bado, na mbwa wetu walivuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi kulinda ghala la mteja. Asubuhi moja ya Machi, Mama Masalu nami tulikuwa gatini pamoja na askari Obedi, aliyemshika Jabali, dume la kilo hamsini na mbili. Jabali alivaa kola ya chuma yenye miiba inayogusa shingo kila kamba inapokaza. Nilimpa Obedi kola hiyo mwenyewe, akasaini. Tuliamini kwamba mbwa mkubwa akichomwa atajifunza kutovuta.

Mbuzi walipita wakishushwa kwenye lori. Jabali aliruka mara moja, miiba ikamchoma, na maumivu yakamtia wazimu. Badala ya kurudi nyuma alizidi kuvuta. Obedi alikuwa ameizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kosa ambalo wote tulilifanya. Alianguka kifudifudi, akaburutwa kwenye zege la gati. Tulisikia mfupa wa bega ukilia. Jabali akatumbukia majini, na Obedi akabaki ukingoni, mkono ukiwa umenyooka kuelekea ziwani. Kivuko kilikuwa kinakuja, mlango wake wa chuma umeshaanza kushuka.

Watu walipiga kelele nahodha asimame. Kivuko hakisimami kama baiskeli.

Mama Masalu alijilaza kwa tumbo pembeni ya Obedi na kujaribu kulegeza kamba. Haikulegea, kwa kuwa mbwa alikuwa anavuta upande wake.

"Kisu!" alisema. "Nani ana kisu?"

Muuza samaki mmoja aliyeitwa Odeta alikuwa anapaa sangara hatua chache kutoka pale. Alikuja mbio, magamba yakiwa bado mikononi. "Shika, mama! Shika!"

Mama Masalu alikata kamba. Tuliwavuta yeye na Obedi kwa miguu, na mlango wa kivuko ukatua pale walipokuwa wamelala.

Jabali aliogelea hadi ufukweni. Alipotoka, shingo ikivuja damu, watu walikuwa wameshaokota mawe. Mama Masalu alikwenda akasimama mbele yake, mgongo kwa mbwa, uso kwa watu. "Atakayerusha, aanze na mimi," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. Mawe yalidondoka moja moja.

Jumatatu yake meneja wetu wa wakati huo, Mzee Mutayoba, alitoa uamuzi: Jabali achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nilikuwa ofisini nikipeleka ripoti ya vifaa, hivyo nilisikia yote.

"Nipe wiki tatu," Mama Masalu alisema.

"Na akimburuta mtu mwingine?"

"Utaniondoa mimi pamoja naye."

Mzee Mutayoba alimsukumia karatasi. Alijua kwamba mama huyu ni mjane, na ana watoto watatu shuleni. "Andika hayo," alisema. Mama Masalu aliandika, akasaini.

Siku hiyo hiyo alikuja stoo na kuniomba nimpangie mezani kila kitu tunachowavalisha mbwa. Akaivaa kola ya miiba kwenye mkono wake, chini ya kiwiko, akauweka mkono mezani.

"Vuta, Tereza."

"Mama, siwezi."

"Mbwa unaweza kumpa, mimi huwezi? Vuta."

Nilivuta kidogo. Alama zilibaki mkononi mwake siku nne, na mimi sikulala vizuri siku hizo nne.

Vingine alivijaribu kimoja baada ya kingine. Mnyororo wa kunyonga ulimkohoza Jabali, lakini hakupunguza mwendo. Kola pana ya ngozi haikumuumiza, ila alivuta kwa nguvu zote za shingo. Hatamu ya puani huwafaa mbwa wengi wenye pua ndefu wakizoeshwa taratibu. Jabali pua yake ni fupi, akaivua kwa kucha ndani ya dakika mbili. Mkanda wa kifuani wenye pete mgongoni ulikuwa mbaya kuliko vyote. Mama Masalu amekulia Magu, nyumbani kwa wafugaji, akacheka aliposhuhudia. "Hivi ndivyo tunavyomfunga ng'ombe wa plau," alisema. "Tumemwambia avute."

Alichokitaka ni mkanda wenye pete mbele, katikati ya kifua, ili mbwa akivuta mwili wake ugeuke kumwelekea aliyeshika kamba. Hatukuupata mjini kote. Akaenda stendi ya Nyegezi kwa fundi mabegi, Kija, wakaushona kwa mikanda ya viti vya mabasi mabovu.

Siku ya tisa pete ilichomoka. Jabali alitoka getini, akaingia mitaa ya Kiseke, na kwa dakika kumi na moja hatukujua yuko wapi. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya jirani akiwa ameua kuku. Mama Masalu alimlipa jirani, akarudi kwa Kija na kuongeza mshono wa pili, pamoja na kamba fupi ya akiba inayounganisha mkanda na kola pana. Hakumweleza meneja kwamba ni bahati mbaya. Alimwambia, "Nilishona vibaya. Nimeshona upya."

Na hakuutegemea mkanda peke yake. Kila kamba ilipokaza, alisimama kama nguzo. Ilipolegea, alimpa Jabali kipande cha dagaa, wakaendelea. Siku ya kwanza walitumia dakika arobaini kutoka getini hadi kwenye tangi la maji, ambapo mimi hufika kwa dakika moja.

Wiki ya tatu ilipokwisha tulirudi Kigongo. Mzee Mutayoba alikuja na daktari wa mifugo, sindano ikiwa ndani ya gari. Obedi naye alikuja, bega likiwa limefungwa. Mbuzi walipita. Jabali alikaza masikio, akatembea. Kisha kivuko kikapiga honi na mbuzi mmoja akatoroka, akapita mbele ya pua yake.

Jabali aliruka. Mkanda ukamgeuza, akajikuta anamtazama Mama Masalu. Kamba ilikuwa imekaza kama waya. Mama hakuvuta, alisimama tu. Nilihesabu hadi kumi na saba. Kisha mbwa akapiga hatua moja kumwelekea, kamba ikalegea.

"Daktari, rudisha vitu vyako," Mzee Mutayoba alisema. Kisha akanigeukia: "Tereza, ile miiba isitoke stoo tena."

Mama Masalu alimkabidhi kamba Obedi, aliyeiomba kwa kunyoosha mkono wake mzima. Kisha akaenda nyuma ya gari, akatapika.

Tangu siku ile hakuna askari wetu aliyevunjwa mfupa na mbwa wake. Askari sitini na mmoja wamefunzwa naye, na wote wanajua kwamba kamba haizungushwi mkononi. Jabali alifanya kazi miaka sita zaidi na kufa kwa uzee. Mimi nilitoa kola za miiba kwa miaka minne bila kuuliza swali hata moja, na sijawahi kumwomba radhi mtu yeyote kwa hilo. Nafanya hivyo hapa.

Mama Masalu, ahsante kwa mkono ulioniwekea mezani. Wenzako wote wa Mawe Pacha tunakuombea afya, usingizi mzito na asubuhi zisizo na mtu wa kukuharakisha. Nenda kapumzike, mama. Mbwa tutawatembeza polepole.