Lugha Niliyoleta Kutoka Kigoma

Muheshimiwa Administrateur, mukuu wa Teritware yetu, Shehe wetu, Padri wetu, wakuu wa shule, wazazi, na ninyi wageni mulioacha masoko na mashamba, wengine mukitoka hata Lusangi na Kabambare, nawasalimu nyote. Mimi ni Asma, binti ya muzee Iliasi, mushonaji wa hapa sokoni Kasongo. Nimepewa heshima ya kusema leo tunapofungua darasa letu la viziwi, na furaha imenikosesha usingizi.

Wengi wananiuliza: Asma, cherehani na viziwi vimekutana wapi?

Vilikutana Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nilimusindikiza mama mudogo Rachida kupasuliwa mugongo, na matibabu yakachukua miezi. Karibu na nyumba tuliyopanga kulikuwa na shule ya viziwi, na kila asubuhi niliona watoto wakipita na sare zilizochanika makwapani. Nikaenda kwa mwalimu wao mukuu.

"Niko na wakati," nikamwambia. "Nipe cherehani."

"Mama, hatuna mshahara wa kukupa."

"Sikuuliza mushahara. Nimeuliza cherehani."

Ndugu zangu, nilidhani nakwenda kutoa. Wasichana niliowafundisha kushona walikataa kunipa hata uzi mpaka niuombe kwa ishara zao za mikono, na nilipokosea walicheka mpaka wakashika matumbo. Siku moja nilidhani ninaomba mukasi, kumbe nimeomba mume. Ni nani mwingine angenifundisha lugha nzima bure, tena akicheka? Nilipoagana nao, hata ndotoni nilikuwa ninasema kwa mikono.

Nikarudi nyumbani. Hapa sokoni yuko Mama Cécilia, muuzaji wa mihogo kutoka Kabambare, na binti yake Dieudonnée, huyu aliyekaa mbele yenu. Amezaliwa kiziwi. Munakumbuka alivyokuwa akisimama barabarani kila jioni, pikipiki zinapoingia kutoka machimbo ya Salamabila, akitazama uso wa kila abiria?

Nikamuuliza mama yake, "Anangoja nani?"

"Baba yake. Shimo la dhahabu lilimufukia Grégoire, hata mwili hatukupata. Mutoto aliona tu baba anapanda pikipiki. Nilimuonyesha udongo, nikalia mbele yake, hakuelewa. Nitamwambia na nini?"

Nikaanza kuwafundisha wote wawili dukani kwangu. Dieudonnée alishika haraka. Mikono ya mama yake ilikuwa mizito, lakini hakukosa kuja. Mpaka alasiri moja binti akamugeukia mama yake, akauliza kwa mikono: Baba yuko wapi?

Mama Cécilia akaniangalia mimi.

"Mwambie wewe, Mama," nikasema. "Hilo si langu."

Akainua mikono. Baba. Shimo. Amekufa. Hatarudi.

Dieudonnée akauliza: Alinisahau?

Hapana, mama yake akajibu, na akairudia ishara ile tena na tena, hapana, hapana, mpaka wakakumbatiana na kulia pamoja, kilio ambacho kila mumoja alikuwa amekilia peke yake kwa miaka.

Kesho yake pikipiki ziliingia, na barabarani hakukuwa na mutu wa kuzingoja. Dieudonnée alikuwa dukani kwangu, ananiuliza jina la kila kitu: kitufe, mvua, wivu, Mungu. Hajaacha kuuliza hadi leo. Na kuanzia leo, waheshimiwa, yeye ni mumoja wa walimu wa darasa hili.

Wiki hii vijana wetu Djuma na Elsa wanaondoka kwenda kujitolea katika shule ileile ya Kigoma. Mama yake Elsa ameniuliza, kwa haki yake ya muzazi, watapata nini huko. Mama yangu, watachoka, watachekwa, watakumbuka mboga ya sombe ya nyumbani. Watakachorudi nacho sikijui, kama mimi sikujua changu. Lakini muangalie Mama Cécilia anavyozungumza na mutoto wake sasa hivi, tena wakati wa hotuba yangu, kisha umufungie Elsa mizigo.

Ninamaliza na ombi. Viziwi hawasikii makofi. Kwao tunainua mikono miwili juu na kutikisa vidole. Kwa masikio muliyonipa, asanteni sana. Sasa Dieudonnée anawatazama: inueni mikono.