Mama Brashi Hakufika Studio

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu mtaivumilia. Mama Brashi amefariki dunia. Narudia, maana hata mimi bado nahitaji kuisikia: Mama Brashi, yule mchora mabango, alifariki Alhamisi iliyopita, saa nne na nusu asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Saa tano asubuhi hiyohiyo alitakiwa awe kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Maji yake nilikuwa nimeshamwekea mezani. Nikampigia simu, kimya. Nikamwandikia, tena kwa ukali: "Mama, hewani hatungojani." Nikaweka muziki. Nikaweka mwingine. Ndipo simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Kaka, nimeona ujumbe wako. Mama hayupo tena."

Nikamwuliza, "Hayupo, yuko wapi?"

Wasikilizaji, ndivyo nilivyouliza. Akili ilikataa katakata.

Basi tuanzie mbali. Mama yake alikuwa fundi cherehani, chumba kimoja, watoto watano. Chaki ya kukatia nguo ilikuwa haikai. Mtoto huyu alichora sakafuni, mlangoni, mpaka mgongoni mwa mdogo wake. Dada yake mkubwa ananiambia, "Tulimchapa tukachoka sisi. Mama akasema, mwacheni, huyu mkono wake unawasha." Shule aliachia darasa la pili, baba yao alipofariki. Darasa la pili tu, msisahau.

Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa tayari anachora mabango ya maduka. Herufi zake zilinyooka kama askari kwenye gwaride. Ila kulikuwa na jambo ambalo mtaa haukulijua. Mama Brashi alikuwa hajui kusoma. Mteja aliandika maneno kwenye karatasi, yeye akayanakili umbo kwa umbo.

Siku ya siku, kinyozi mmoja akampa karatasi yenye maandishi pande mbili. Mama Brashi akachora upande usio wenyewe. Kesho yake asubuhi, juu ya mlango wa kinyozi, kwa rangi nyekundu ya kung'aa: SUKARI, SABUNI, VIBERITI VIWILI. Mtaa mzima ulishika mbavu. Watu waliingia kuulizia sukari kwa makusudi. Yeye mwenyewe alicheka nao. "Halafu akaja nyumbani," anasema dada yake, "akajifungia, akalia mpaka kwikwi."

Alipofika miaka ishirini na mitano akaondoka na kundi la maigizo. Walihitaji mtu wa kuchora mandhari ya jukwaani. Miaka tisa, nchi saba. Alichora ikulu, msitu na gereza juu ya mashuka. Alishona mavazi. Alitengeneza vikaragosi. Mwigizaji mmoja alipougua, yeye alivaa sare akacheza askari siku tatu, na siku ya tatu akashangiliwa kuliko mfalme.

Na humo ndani ya basi la kundi, mwigizaji mmoja bibi, ambaye kila mchezo alikuwa mama wa mfalme, ndiye aliyemfundisha kusoma. Vitabu hawakuwa navyo. Walisoma maneno ya mchezo. Neno lake la kwanza kulisoma peke yake lilikuwa "Ondoka!" Alilisoma kwa sauti kubwa hivi kwamba dereva alikanyaga breki.

Alirudi kumuuguza mama yake. Baada ya mazishi, akaomba nafasi kwenye gereji ya jirani. Mafundi wakishafunga kazi jioni, yeye aliegemeza ubao kwenye gari bovu na kufundisha watu wazima kusoma. Miaka kumi na saba. Zaidi ya watu mia mbili.

Mmoja wao ni fundi viatu, mzee wa miaka sitini na mitatu. "Nilimwambia, mwalimu, ubongo wangu umeota kutu. Akanijibu, 'Kutu hutoka kwa kusuguliwa, mzee wangu. Kaa.'"

Alhamisi ile alikuwa zahanati, juu ya ngazi. Alichora picha juu ya milango: jicho, jino, mtoto mchanga. Alitaka asiyejua kusoma asipotee. Binti yake alikuwa anamkorogea rangi. Jicho likaisha. Mama akashuka mwenyewe, akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Nipumzike dakika mbili," akasema, "nisije nikachelewa redioni."

Akaegemea ukuta. Basi. Daktari alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Hatua kumi, na hakuwahi. Wanasema ni moyo. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia moyo.

Makaburini, fundi viatu aliomba asome wasifu. Alisoma kidole kikiwa chini ya kila neno. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia. Alipofika mstari wa mwisho, unaotaja kifo chake, kidole kikasimama.

"Hili neno nalijua," akasema. "Ila silisomi."

Akaikunja karatasi.

Kwa binti yake, kwa dada yake, kwa wanafunzi wote wa gereji: poleni sana. Tumefiwa pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja. Yupo mtu karibu yako ambaye kila akipewa karatasi husema, "Nisomee, nimesahau miwani." Miaka nenda miaka rudi, miwani hiyo hujawahi kuiona. Leo usimcheke. Mvutie kiti, mkae, muanze na herufi moja.