Fausto Polanco, Kinyozi Aliyevunja Ukimya Uwanjani

Padri Anselmo, wanangu Dilenia na Ambiorix, majirani wa Placer Bonito, na wateja wa kinyozi, wale mlioendelea kuja na wale mlioacha kuja na leo mmewahi viti vya mbele, mimi ni Zunilda Polanco, mdogo wake marehemu, nakaanga samaki nje ya uwanja wa besiboli, na familia imenichagua nisome historia hii kwa sababu nina sauti. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti niliyokuwa nafungia samaki, kwa hiyo nikijikwaa mnivumilie, na mkicheka nitawaona.

Kabla sijaanza niseme jambo moja waziwazi. Nimeombwa kwa upole nisitaje michezo miwili, ule wa mwaka 1997 na ule wa Desemba iliyopita, eti leo si siku yake. Nitaitaja yote miwili, maana ukiitoa hiyo kaka yangu anabaki tarehe tupu, na tarehe zimeshaandikwa kwenye msalaba.

Marehemu Fausto Polanco Severino alizaliwa tarehe 15 Februari 1951, siku ya mtakatifu aliyempa jina, katika kambi ya wakata miwa ya La Jagua, nje kidogo ya San Pedro de Macorís, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu Hipólito Polanco, fundi wa mitambo ya kusagia miwa, na marehemu Tomasina Severino, mfua nguo. Mama alisimulia mpaka anakufa kwamba mtoto yule alizaliwa akipiga kelele, na hakunyamaza mpaka jirani alipowasha redio iliyokuwa ikitangaza besiboli kutoka Cuba. Sikuwepo, ila kwa jinsi nilivyomjua, naamini.

Alisoma shule ya msingi ya kambi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaishia darasa la sita pale baba yetu alipoumizwa mkono na mtambo, ndipo akapelekwa mjini kujifunza kazi kwa kinyozi mmoja mzee aitwaye Cirilo. Katika miaka hiyo alirusha mpira katika timu ya kambi, kwa mkono wa kushoto, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwa na kasi wala shabaha, alikuwa na hamu tu.

Tarehe 4 Agosti 1974 alifungua duka lake la kinyozi hapa Placer Bonito, lenye viti viwili, kimoja cha kunyolea na kimoja cha kubishania, na kiti cha pili ndicho kilichochakaa kwanza. Tarehe 10 Julai 1976 alifunga ndoa na marehemu Eneria Castro Peguero, mwanamke mvumilivu kuliko nilivyowahi kuwa mimi hata kwa saa moja, wakajaliwa watoto wawili, Dilenia, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1977, na Ambiorix, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1980. Eneria alitutangulia tarehe 30 Januari 2011.

Sasa niseme alivyokuwa, kwa kuwa watu wakifa tunawapaka sukari. Kaka yangu alikuwa anachosha. Alikuwa shabiki wa Wasaga Miwa, timu ya mji wetu, kwa namna ambayo daktari angeweza kuiandikia dawa, na kila timu ilipobadilishana wachezaji aliona ameibiwa yeye, nyumbani kwake, mchana kweupe. Mwaka 1988 viongozi walipomtoa mdakaji wetu bora wakachukua vijana watatu wanaosemekana watakuja kuwa wazuri, Fausto alifunga duka siku tatu, akatundika kitambaa cheusi mlangoni, na watu wakaja na kahawa na biskuti kutoa pole, Eneria akasimama kizingitini kuwaeleza kwamba hapana, hakuna aliyekufa, ni mdakaji amehamia Santiago. Wengine walikaa hivyohivyo, wakacheza domino.

Kuhusu vijana chipukizi alikosea mara nyingi, na sitamfichia. Mwaka 2003 alimwambia kijana mmoja mwembamba kutoka Consuelo, kijana akiwa kitini na povu shingoni, kwamba kwa miguu ile ya kuku hatafika hata mwisho wa mtaa. Kijana alifika Marekani, akacheza besiboli huko miaka kumi na moja, akarudi na gari lisiloweza kuingia uchochoro wetu, akaketi kiti kilekile akasema, "Mzee Fausto, ninyoe, na uiangalie vizuri hii miguu."

Fausto akainama, akaiangalia. "Bado ya kuku," akasema. "Ila kuku kasafiri."

Jambo moja tu hakuwa na mzaha nalo, nalo ni mikono ya warushaji. Aliwachukia mawakala wanaowashikia watoto wa miaka kumi na mitatu kile kimashine cha kupimia kasi, wakawaambia ongeza, ongeza, mpaka mtoto analala na barafu kiwikoni kama mzee. Wakala akiingia dukani alinyolewa haraka na vibaya, wengine mko hapa, mnajijua. Wengine walidhani ni ukorofi wa uzee, lakini asiyejua ulipoanzia ukorofi huo ni yule aliyehamia hapa baada ya mwaka 1997.

Tarehe 10 Mei 1997, siku ya Jumamosi, Ambiorix, akiwa na miaka kumi na sita, alirusha fainali ya vijana ya mkoa, na klabu moja ya Marekani ilikuwa imeshakubaliana na familia, ikabaki kupimwa na daktari na kutia saini. Ilipofika zamu ya sita wapinzani walikuwa hawajapiga mpira hata mmoja wa kuwafikisha kituo cha kwanza, na ninyi nyote mnajua desturi yetu, mchezo wa namna hiyo ukiwa unaendelea hautajwi, atakayeutaja ameuua. Mrushaji haongeleshwi, wenzake wanamwachia benchi peke yake kama mwenye ukoma, mtangazaji anazungukazunguka na maneno, na jukwaa zima linajifanya halijui linachokitazama.

Kwenye zamu ya saba Ambiorix aliutikisa mkono, akajishika kiwiko upande wa ndani, akamtazama baba yake aliyekuwa amesimama nyuma ya wavu. Fausto akageuza uso, akatazama uwanja wa nje. Alijua mtoto anaumia, aliniambia hivyo mwenyewe, alijua kama anavyojua wembe uliokufa makali, lakini ulimi wake ulifungwa na desturi, na wa kocha, na wa uwanja wote. Mtoto akamaliza zamu zote tisa, mipira zaidi ya mia moja na thelathini, hakupigwa hata mmoja, akabebwa mabegani, na kesho yake akashindwa kuinua kijiko cha wali. Daktari wa klabu ile alimpima tarehe 2 Juni, na klabu haikulitaja tena jina la Ambiorix.

Leo Ambiorix anaendesha gari la barafu, anashusha magogo ya barafu kwa mkono wa kushoto, na jeneza mmemwona amelibeba kwa bega la kushoto. Kwa miaka ishirini na mitano baba na mwana walikaa meza moja kila Jumapili, wakazungumza habari za mvua, bei ya petroli na, Eneria alipokuwa hai, presha yake, na mchezo ule haukutajwa hata siku moja, kana kwamba bado unaendelea na anayeutaja atauharibu. Mimi nilikuwa nakula nao, natamani kuwagonganisha vichwa. Kaka yangu alitaka neno moja tu kutoka kwa mwanawe, hata kama ni tusi, akazeeka akilisubiri, na kuomba mwenyewe hakuthubutu.

Sasa mchezo wa pili. Tarehe 17 Desemba 2022, Jumamosi, Wasaga Miwa walimpanga mrushaji Yohandry Mercedes, kijana wa miaka ishirini, na mpaka zamu ya saba alikuwa hajapigwa. Uwanja ulinyamaza ule unyamavu wetu, hata wauza karanga waliacha kuita. Mimi nilikuwa nimepanda jukwaani na sinia la mwisho la samaki, nikamwona kijana yule anautikisa mkono wake na kujishika kiwiko, nikamgeukia kaka yangu, naye alikuwa ameshasimama juu ya kiti, mzee wa miaka sabini na moja, kofia mkononi.

"Hajapigwa hata mpira mmoja!" akapaza sauti, uwanja mzima ukamsikia. "Mmeshaambiwa sasa! Mtoeni, mkono wake unauma!"

Kisha mtu akamwambia kaa chini mzee mchawi, mwingine akammwagia bia, mwingine akauliza kwa nini kinyozi haendi kunyoa, na kabla matusi hayajaisha mpira uliofuata ulipigwa, ukaangukia nyasi za kushoto, mchezo ukafa. Kocha akamtoa Yohandry. Fausto akashuka jukwaa lile peke yake, mgongo umelowa bia, na aliyemfuata ni mimi na sinia langu.

Kuanzia siku hiyo duka lilikauka. Watu aliowanyoa tangu ubatizo wao walivuka barabara wasipite mlangoni kwake, mmoja wenu alikaa na nywele kichaka mpaka Pasaka kwa hasira, na leo asubuhi nimemwona anakunywa kahawa yetu vikombe vitatu. Yohandry mwenyewe alisema redioni kwamba mzee yule alimwibia siku yake, na ana haki ya kusema, siku ilikuwa yake. Mkono wake mpaka leo ni mzima. Kama ungevunjika siku ile au usingevunjika, hakuna ajuaye, mimi sijui, na Fausto hakujua, aliniambia hivyo wazi. "Sikuwa na hakika, Zunilda," alisema. "Ile mara ya kwanza nilikuwa nayo, nikanyamaza. Afadhali hii."

Jumatatu iliyofuata mchezo ule, tarehe 19 Desemba, nilimpelekea chakula dukani, wali, maharage na samaki, kwa kuwa hakuwa na mteja wala hamu ya kwenda nyumbani. Nikakuta gari la barafu limeegeshwa nje, injini inaunguruma. Ambiorix, ambaye tangu mwaka 1997 alikuwa akinyolewa kwingine, aliingia, hakusalimia, akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Fausto alimfunga kitambaa shingoni, akashika mkasi, akaanza upande wa kisogo. Akamaliza nusu ya kichwa.

"Siku ile ungesema, baba, ningekuchukia," Ambiorix akasema, anatazama kioo.

"Najua."

"Ningekuchukia vibaya sana. Lakini ningekuchukia nikiwa na mkono."

Fausto aliweka mkasi chini. "Nisamehe," akasema. "Nilikuona ukinitazama."

"Najua uliniona." Kisha kijana wangu akasema, "Malizia kichwa, barafu inayeyuka."

Haya ndiyo niliyoombwa nisiyataje. Ambiorix, mwanangu, usiniangalie hivyo, umeshayasema mwenyewe, mimi nimeyasoma tu.

Tangu siku hiyo gari la barafu lilisimama pale kila Jumatatu, nywele ziwe zimeota au hazijaota, na vile viti viwili vikapata kazi tena, kwa kuwa kumbe mtoto ni mbishi kuliko baba.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya mgongo, akapimwa, akakutwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha sambaa mifupani, akatibiwa hapa San Pedro na baadaye Santo Domingo. Mwezi Agosti, akiwa amelazwa, alisikia redioni kwamba Wasaga Miwa wamemtoa Yohandry Mercedes, mrushaji mwenye mkono mzima, wakachukua mpigaji wa miaka thelathini na minne mwenye magoti mabovu yote mawili, naye akachomoa mpira wa dripu ili aende ofisini kwao akawaulize wanatumia kichwa au kisigino, manesi wawili wakamrudisha kitandani. Nasema mbele ya kanisa, na viongozi wa klabu mliotuma shada la maua mnisikie, katika hilo alikuwa na haki kabisa, na shada halijibu swali lake.

Alirudishwa nyumbani tarehe 20 Oktoba, Dilenia akaja kutoka Lawrence, Marekani, kumuuguza, na jana, Jumatano tarehe 8 Novemba 2023, saa kumi na mbili asubuhi, Fausto Polanco alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kulia wa Ambiorix, ule ule usioinuka. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja mkali, na timu inayoshika mkia.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, hasa wale wawili wa dripu, inawashukuru majirani waliopika na waliokesha, inawashukuru vinyozi wenzake waliomnyoa marehemu mara ya mwisho na wakamnyoa vizuri. Inawashukuru waliomwamkia mwaka huu. Wasiomwamkia inawashukuru kwa kuja, na kahawa bado ipo, sala za siku tisa zinaanza leo jioni nyumbani kwake, njooni na nywele zenu.

Kaka, umesumbua vya kutosha, sasa pumzika kwa amani, lakini huko uliko ukimwona kijana amejishika kiwiko na watu wote wamegeuza uso, panda juu ya kiti.