Nani Achinje Mbuzi

Mwaka 1965, waasi wa Simba walipokwisha kufukuzwa Stanleyville, nilivuka mto kwa bac, kile kivuko kikubwa, na mbuzi wangu wa kuuza. Wazee wawili Waislamu, wote wenye kofia nyeupe, walikuwa wakibishana mbele yangu.

“Nyama ya kuchinjwa na mutu anapigaka ngoma kwenye maziko, miye siwezi kula,” alisema mmoja, muuza chumvi.

“Na weye unazikaka watu kimya kama mbwa!” alijibu mwenzake, mshonaji.

Nikauliza: “Bon, wapapa, nani achinje huyu mbuzi, Waislamu wote wakule?”

“Hapana huyu!” walijibu pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole.

“Na Simba, na mai yao ya dawa, ya kujimwagia kuzuia risasi?” niliuliza tena.

“Ile haiko dini.” Hapo tu walipatana.

Bac ikagonga ng'ambo. Askari wa serikali aliyekuwa akikagua abiria akapaza sauti: “Wenye kofia, bote huku!” Wazee wakajipanga mstari mmoja, mshonaji akimwambia mwenzake asimguse.